Mfuniko wa Idwal

Dakika kumi na nane. Hazizidi, hazipungui.
Natoka Dolgellau asubuhi, injini ikiimba,
napita kanisa, napita duka la sufu la akina Parry,
na pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Bala
gari linakohoa mara mbili, kama mgeni anayetaka kuaga,
kisha kimya.
Kondoo wananitazama.
Kondoo wa huku hawana haya.

Nimeuza dawa miaka thelathini na mmoja;
najua dalili si ugonjwa.
Nikaanza palipo rahisi: plagi nne,
nikazichomoa, nikazisoma ncha.
Nyeupe kama mfupa.
Nyeupe maana yake njaa: gari linakula hewa tupu.

Nikazifungua kabureta, zote mbili, pacha wasioelewana,
nikazilaza juu ya gazeti la Jumapili,
bakuli, boya, sindano,
na ile pistoni ndogo inayoteremka kooni
ikagota chini, *tok*,
sauti ya afya hiyo.
Nikalitikisa boya sikioni: kama limevuja, litasema.
Halikusema neno.
Nikapuliza jeti kwa mdomo,
ladha ya petroli ikanikaa ulimini hadi chai ya saa kumi.
Nikarudisha kila kitu mahali pake. Nikaondoka.
Dakika kumi na nane.

Jirani yangu Idwal akaja na tochi na maoni.
Tochi yake ilikuwa hafifu.
"Ni pampu," akasema Jumanne.
Tukabadilisha pampu.
"Ni joto, petroli inachemkia njiani," Alhamisi,
tukauvika mpira wa petroli ile karatasi ya fedha
aliyofungia mkate wake wa mchana.
"Basi ni uchafu wa tangi."
Tukachuja lita ishirini kwa soksi yangu ndefu ya nailoni,
tukapata punje tatu za kutu
na bawa la nyuki.
Alilifurahia lile bawa kupita kiasi.
Akalitia kwenye kiberiti, akakitia kiberiti mfukoni.

Mwezi wa tatu, nilipotimiza sabini,
ni yeye aliyeniletea mfuniko mpya wa tangi,
wa kromu, ndani ya mfuko wa mkate.
Hakutaja siku ya kuzaliwa.
"Ule wako umeliwa na kutu," basi,
akaufunga mwenyewe,
akaupangusa kwa mkono wa sweta,
akaupangusa tena.

Jumamosi nikaenda peke yangu.
Mlima, kikohozi, kimya, kondoo.
Sikugusa boneti safari hii.
Nikazunguka nyuma, kwa uchovu tu, nikafungua mfuniko,
na tangi likavuta pumzi,
pumzi ndefu,
kama mtu aliyeshikiliwa kichwa majini.

Nikasimama na mfuniko mkononi, mvua ikaanza.
Nikawasha. Likawaka mara moja.

Ule wa zamani ulikuwa na tundu,
dogo, la kupitisha uzi,
hewa ikiingia kadiri petroli inavyotoka.
Huu hauna.
Kila tone lililoondoka liliacha utupu nyuma yake,
utupu ukalishika linalofuata mkono: usiende.
Kikulacho ki nguoni mwako;
changu kilikuwa kinang'aa,
kimepanguswa mara mbili.

Usiku nikajifungia gerejini kama mwizi,
nikatafuta ncha ya drili iliyo nyembamba kuliko zote,
nikatoboa upande wa ndani, kwenye kivuli cha ukingo,
nikafuta chenga kwa kidole kilicholowa mate.

Jumatatu Idwal akachungulia juu ya ukuta.
"Limepona?"
"Nimefika Bala, nimekunywa chai, nimerudi."
"Lilikuwa na nini?"

Nikaitazama mikono yake,
grisi ya gari langu bado imo kwenye kucha.

"Nyuki," nikasema. "Bawa jingine."

Akapapasa mfukoni.
Kiberiti kilikuwa humo humo.